Maji ya Mkanda hayamngoji mgeni

Msomaji mpenzi, ukitaka kujua kama wewe ni mtu wa kutunza saa, usijipime kwa matatu ya Nairobi. Matatu ikikuacha, nyingine itakuja baada ya dakika kumi, tena utingo atakushika mkono uingie. Nenda Lamu, ukodi mashua, uambiwe kuwa chombo kinang'oa nanga saa kumi na moja na nusu alfajiri, kisha uchelewe. Hapo ndipo utakapojijua.

Mimi nilichelewa. Nilichelewa kwa saa mbili na zaidi, na bahari ikanisomesha somo ambalo ningependa ulisome hapa gazetini, ukiwa umekaa kitako sebuleni, bila kulipa karo niliyolipa mimi.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili na usiku mmoja. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 15 na kijana wetu wa miaka tisa. Ilikuwa likizo ya Disemba, na kwa mara ya kwanza tuliamua kutokwenda ushago, bali kuwaonyesha watoto bahari ambayo walikuwa wakiisoma tu katika vitabu vya fasihi.

Visiwa, si kisiwa

Hebu kwanza nikuonyeshe njia. Wengi wetu wa bara tukisikia Lamu hufikiri ni kisiwa kimoja chenye punda na vichochoro. La hasha! Lamu ni kundi la visiwa. Kipo Lamu chenyewe, chenye mji mkongwe ambao mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya turathi za dunia. Mbele yake, ng'ambo ya maji, kipo Manda, penye uwanja wa ndege na mibuyu minene. Mbele ya Manda kipo Pate, kikubwa kuliko vyote. Halafu kuna Ndau, na Kiwayu, kilicho kirefu na chembamba kama kidole kinachoelekeza Somalia. Katikati ya Manda, Pate na bara ndipo ilipo Ghuba ya Manda, na ndani yake vimetapakaa vijisiwa, mafungu ya mchanga na miamba ya matumbawe.

Ukitoka mji wa Lamu kwenda katika ghuba hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni njia ya nje, ya bahari kuu, ambako Disemba upepo wa kaskazi huanza kuvuma na mawimbi hayana huruma kwa tumbo la mgeni. Ya pili ni njia ya ndani. Hii hupita kati ya Manda na bara katika mlango mwembamba uitwao Mkanda, huku mikoko imesimama kulia na kushoto kama ukuta. Njia hiyo ni tulivu mithili ya maziwa bakulini. Lakini ina sharti moja tu: lazima maji yawe yamejaa. Yakipwa, Mkanda huwa matope.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, chukua kalamu. Mwezi, ukisaidiwa na jua, huyavuta maji ya bahari. Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Maana yake ni kwamba maji yakijaa leo saa kumi na mbili asubuhi, kesho yatajaa karibu saa moja kasoro dakika kumi, na kesho kutwa yatazidi kuchelewa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikipita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka kwa nguvu. Ndiyo sababu manahodha wa Lamu hawana haja ya kubeba kitabu cha ratiba. Wanahesabu tarehe kwa mwezi wa Kiislamu, ambao hufuata mwezi wa mbinguni. Mwambie nahodha kuwa leo ni mwezi tatu, naye papo hapo atakwambia Mkanda utapitika saa ngapi.

Siku yetu ilikuwa mwezi tatu.

Ukaidi wa mtu wa jiji

Kwa nini nilichelewa? Sina sababu ya maana, na hilo ndilo linaloniaibisha. Nilitaka kumaliza kahawa. Kisha nikarudi chumbani kuchukua kamera. Kisha kijana akataka kofia ya ukindu kama aliyoiona kwa wavuvi, nami nikaamua kumngoja mwenye duka afungue. Alipofungua, tukaanza kuvutana juu ya bei. Tulipofika gatini ilikuwa yapata saa mbili kasorobo asubuhi.

Mashua ilikuwa pale, imepakwa mafuta ikang'aa. Omoni ilikuwa na macho mawili ya mviringo, kila upande moja, kama ilivyo desturi ya vyombo vya Lamu, ili chombo kione kiendako. Ndani mlikuwa na farumi, yaani mifuko ya mchanga ya kukipa chombo uzito, pipa la maji matamu, seredani ya mkaa, na mikeka. Nahodha, mzee wa makamo aliyejifunga kikoi, alikuwa ameketi tezi. Baharia wake, kijana wa miaka 20 hivi, alikuwa amelala juu ya tanga lililokunjwa.

Nahodha alitutazama, akayatazama maji, lakini hakutukemea.

"Mai yashapwa, bwana," alisema. Watu wa Amu husema mai badala ya maji. "Kheri tungoje ya jioni. Ila jioni Mkanda tutaupita gizani, nanyi mna watoto."

Nami kwa ujuvi wa mtu wa jiji aliyekwisha kulipa arbuni, nikamjibu: "Nahodha, si injini ipo? Twende tu. Tutafika."

Alinyamaza kitambo. Akamtazama baharia, naye baharia akatazama chini. Mwisho akasema, "Haya, tujaribu. Lakini bahari si mtumwa wa mtu."

Sikuuliza kwa nini alikubali upesi hivyo. Nilidhani nimeshinda.

Tuliuacha mji nyuma yetu, nyumba nyeupe za mawe na minara ya misikiti vikizidi kuwa vidogo. Tukaingia Mkanda. Naapa ni pahali pazuri. Yangeyange walisimama katika mizizi ya mikoko kama vitambaa vilivyoanikwa. Hapakuwa na sauti ila ya injini yetu ndogo. Baharia alisimama omoni na upondo mrefu, akipima kina. Mara ya kwanza upondo ulizama nusu. Mara ya pili ukazama robo. Nahodha akaizima injini. Baharia akaanza kusukuma chombo kwa upondo, huku jasho likimtiririka. Kisha tukasikia sauti laini chini yetu, kama mtu anayefuta meza kwa kitambaa kilicholowa. Chombo kikasimama.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Maji yalikuwa bado na saa mbili na ushei za kuendelea kupwa, na saa nyingine kama hizo za kurudi pale yalipotuacha. Piga hesabu mwenyewe.

Saa tano matopeni

Kwa muda wa nusu saa hakuna aliyesema neno. Maji yaliondoka polepole, bila aibu, hadi tukawa tumekaa juu ya uwanja wa matope, mashua imeinama upande kama mgonjwa. Kaa wadogo walitoka mashimoni wakatupungia magando yao. Kijana wangu aliwafurahia mno. Binti yetu alikuwa amenuna. Mke wangu alinitazama mara moja tu, na msomaji uliyeoa unajua mtazamo huo.

Nahodha ndiye aliyetuokoa. Hakulaumu. Alifunga kitambaa cha tanga juu yetu kikawa kivuli, akamwamuru baharia apike chai ya tangawizi, kisha akaanza kuwafundisha watoto majina ya miti. Ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui ndio mkoko wenyewe. Ule wenye vijiti vilivyochomoza matopeni kama penseli ni mchu. Na ule ni mkandaa, unaotoa fito na boriti ngumu. Alitueleza jinsi babu zake walivyosafirisha boriti za Lamu hadi Uarabuni kwa majahazi, wakitangulia na kusi na kurudi na kaskazi. Dari nyingi za nyumba kongwe za Ghuba zililala juu ya miti iliyokatwa katika mito kama huu. Biashara hiyo ya ng'ambo ilipigwa marufuku na serikali mwaka 1982 ili kuinusuru misitu. Hata leo zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika Kaunti ya Lamu.

"Wala msidhani nyinyi ndio wa kwanza kukwama," aliwaambia watoto, akitabasamu. Akawasimulia vita vya Shela, vilivyopiganwa karibu mwaka 1812. Watu wa Pate na wenzao Wamazrui wa Mombasa walishuka pwani ya Shela kuja kuishambulia Lamu. Simulizi za Lamu zinasema kwamba waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, walikuta maji yamepwa na vyombo vimekaa mchangani. Wengi walimalizikia pale pale ufukweni. Baada ya ushindi huo ndipo Lamu iliponyanyua kichwa, ikajiweka chini ya himaya ya Sultani wa Oman, na ile ngome unayoiona leo katikati ya mji ikakamilishwa.

"Kwa hiyo maji yaliwashinda?" kijana aliuliza.

"Maji hayana adui, mwanangu. Ni kwamba wao hawakuyahesabu."

Nilishuka chini kujinyosha, nikazama hadi magotini. Baharia akaja kunivuta. Tulipokuwa upande wa pili wa mashua, mbali na wengine, ndipo aliponiambia kwa sauti ya chini jambo ambalo bosi wake asingeniambia kamwe.

"Ami ana harusi kesho."

Kesho yake baada ya sala ya alasiri binti wa marehemu ndugu yake nahodha alikuwa anaozwa. Msichana hakuwa na baba, hakuwa na babu, wala kaka. Nahodha, ami yake, ndiye aliyekuwa walii wake. Ndiye atakayetamka maneno ya kumwoza. Mashehe wangekaa, bwana harusi angekaa, pilau ingeiva, lakini walii asipokuwapo ndoa haifungwi. Alikuwa ameikubali safari yetu kwa kuwa wageni wamekuwa haba, na ile arbuni yangu ilikuwa imekwisha geuka mchele wa harusi. Hesabu yake ilikuwa sawasawa: kwenda na maji ya alfajiri, kulala, na kurudi na maji ya alfajiri ya pili. Kuahirisha hadi jioni kungevuruga kila kitu, na kunirudishia fedha hakuwezi. Ndiyo sababu alikubali kujaribu.

Nilirudi kivulini nikakaa. Msomaji, nimewahi kuchelewa kazini, kanisani, hata katika mkutano wa wazazi shuleni. Siku zote nilidhani ninachopoteza ni muda wangu mwenyewe.

Ghuba

Saa tisa kasoro maji yalianza kutekenya tumbo la mashua. Baada ya muda si mrefu tukaelea. Nilimwambia nahodha kwamba tunaweza kugeuza na kurudi Lamu sasa hivi, na malipo yake yabaki yale yale. Akacheka. "Mlilipia kulala ghubani, mtalala ghubani. Harusi ni kesho. Ila alfajiri, bwana, nikikuamsha, uamke."

Mkanda ulipotufungulia mlango upande wa pili, ghuba ilijitandaza mbele yetu, pana na ya buluu. Upande wa bara tuliona mikono mirefu ya chuma ikielekea mbinguni. Hiyo ni bandari mpya ya Lamu, pale Kililana, mojawapo ya miradi ya LAPSSET. Mradi huo ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Magati 32 ndiyo yaliyopangwa. Matatu ya kwanza ndiyo yaliyoanza kujengwa. Maji yake yalichimbwa yakafikia kina cha zaidi ya mita 17, ili meli kubwa ziweze kutia nanga hata maji yakiwa yamepwa. Sisi tuliokuwa tumetoka kukwama katika maji yasiyofika kisigino tuliitazama kwa macho ya pekee.

Tulifika Manda Toto kama saa kumi na moja jioni. Kwa kuwa sasa maji yalikuwa yamejaa na jua limelegea, watoto walivaa miwani ya kuogelea wakaingia na baharia. Pembeni mwa kisiwa hicho kuna matumbawe, na binti yangu aliyenuna kutwa nzima aliibuka akipiga kelele: samaki wa manjano, samaki wenye milia, kitu fulani cha zambarau kisichokuwa na jina! Kununa kukaishia hapo.

Baharia alikuwa amepata changu wawili kwa mshipi. Aliwapaka chumvi, ndimu na pilipili, akawachoma juu ya seredani, tukala na wali wa nazi katika sinia moja. Mwezi mwandamo ulizama mapema, na giza likashuka, giza ambalo sisi wa mjini tumelisahau. Nyota zilikuwa nyingi hata ukaona haya kuinua macho. Nahodha aliwaonyesha watoto Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizobanana, ambalo wakulima na mabaharia wa pwani wamelitumia tangu zamani kujua majira ya mvua na ya jua. Kisha akamwambia kijana atie mkono majini aukoroge. Maji yakawaka kama cheche za moto baridi. Ni vijidudu vidogo sana vya baharini ambavyo hutoa mwanga vikishtuliwa, lakini jaribu kumweleza hayo mtoto wa miaka tisa ambaye mkono wake umegeuka taa.

Ng'ambo ya maji kulikuwa na weusi mrefu wenye taa chache. "Kule ni Pate," nahodha alisema. Binti yangu akakaa wima. Pate ya Utendi wa Mwana Kupona? Ndiyo. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa katika kisiwa kile, na mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, katika kisiwa hicho hicho. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake wasia ambao wanafunzi wa Kiswahili wanausoma hadi leo. Katika kisiwa hicho pia ndipo ulipoandikwa Utendi wa Tambuka, mwaka 1728. Na huko ndiko yaliko magofu ya Shanga, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misingi ya misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa awali kabisa ukiwa wa karne ya nane.

"Nilidhani Mwana Kupona ni wa kitabuni tu," binti alisema. Hakusema zaidi. Alikaa akiitazama ile giza hadi usingizi ukamchukua.

Watoto walipolala, nilimuuliza nahodha kuhusu taa za bandari zilizokuwa zikimeremeta bara. Hakuilaani, wala hakuisifu. Alisema kuwa kabla ya kuchukua wageni alikuwa mvuvi katika ghuba hii hii, na kwamba pahali alipokuwa akitega nyavu sasa panapita meli. Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Baada ya hapo zilifuata rufani na mazungumzo ya muda mrefu. "Kijana wangu anataka kazi bandarini," alisema. "Mimi nataka ajue Mkanda. Huenda akayajua yote mawili. Mola ndiye mjuzi."

Nanga

Hakuniamsha. Saa kumi alfajiri nilikuwa macho tayari, nimevaa viatu. Nahodha alikuwa akitia udhu kwa maji ya kopo. Aliposwali na kumaliza, baharia akaanza kuvuta nanga. Haikuja.

Wakavuta wawili. Haikuja. Nami nikashika kamba, tukavuta watatu. Nanga ilikuwa imenasa kwenye jabali, na maji yalikuwa meusi. Baharia alivua shati akazamia, binti yangu akimmulikia kwa kurunzi. Alizamia mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Alitoka akitetemeka, mikono imechanika. Mbingu ilikuwa inaanza kupauka upande wa mashariki. Maji yangejaa saa moja kasoro, na baada ya hapo yangeanza kutuacha tena.

Nahodha hakubishana na nanga ile. Alichukua mtungi mtupu wa plastiki, akaufunga mwisho wa kamba uwe chelezo, akaitupa kamba yote baharini. "Nitairudia baada ya harusi," alisema. "Nanga itaningoja. Mai hayatangoja."

Tukatweka tanga. Kaskazi ikatushika kwa nyuma, na ile mashua iliyolala matopeni jana ikaruka kama ngombe aliyefunguliwa zizini. Tuliingia Mkanda yapata saa moja. Pale tulipokwama jana palikuwa na maji ya kumzamisha mtu mzima. Kaa hawakuonekana. Kijana wangu aliwapungia mkono hata hivyo.

Saa mbili na nusu tuliuona mji wa Lamu. Saa kumi alasiri, baada ya sala, nahodha aliketi mbele ya kadhi akiwa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito, akamwoza binti wa ndugu yake kwa sauti iliyotulia. Nilikuwapo, kwa kuwa alituma mtu atualike. Tulipoketi kwenye pilau alinitambulisha kwa jamaa zake: "Huyu ndiye bwana aliyenifundisha kukwama." Walicheka wote, nami nikacheka pamoja nao, ingawa masikio yalikuwa yakiniwaka. Bei ya nanga nilikwisha ilipa, lakini aibu haina risiti.

Ukitaka kwenda

Kutoka Nairobi unaweza kuruka kwa ndege hadi Manda, kisha uvuke kwa mashua. Ukitaka kuona nchi na kubana matumizi, panda basi la Mombasa na Malindi, upitie Garsen na Witu kwa barabara ya lami hadi Mokowe, ambako utapanda chombo cha kukuvusha.

Usijidanganye juu ya usalama, wala usiogope kupita kiasi. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na tangu hapo sehemu za mpakani mwa kaunti hiyo zimepitia misukosuko. Kabla ya kukodi chombo, uliza wenyeji na maafisa wa eneo ni wapi panaendeka, na kama kuna masharti ya kuwa baharini usiku.

Kodi chombo chenye nahodha anayejulikana gatini, si kila anayekufuata njiani akikuita rafiki. Hakikisha kuna majaketi ya kuokolea maisha ya kutosha, pamoja na ya watoto. Patana bei kabla, chakula kikiwamo. Beba maji, kofia, shuka la kujifunika alfajiri na kurunzi. Vaa kwa heshima mjini na vijijini; wenyeji hawatakusema, lakini wanaona. Takataka zako rudi nazo.

Ukibakiwa na siku moja, zuru magofu ya Takwa kisiwani Manda, mji uliostawi karne ya 15 hadi ya 17 kisha ukahamwa. Utaona msikiti wake wenye mnara juu ya kibla, na kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela bado huliendea kuomba dua. Huko nako hufikiki kwa mashua ila maji yakiwa yamejaa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, kabla ya kuuliza chakula, muulize nahodha wako swali moja: leo ni mwezi ngapi? Na akikwambia uwe gatini saa kumi na moja na nusu, msomaji wangu, iache kahawa. Hujui ni harusi ya nani inayokungoja.